Msamiati wa Afisa Uhusiano: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua kwa Anayeanza Kazi

Anayeajiriwa kwa mara ya kwanza katika kitengo cha uhusiano kwa umma hukuta maneno ambayo amekuwa akiyasikia redioni tangu utotoni: taarifa, tangazo, ufafanuzi, kanusho, msemaji, wadau. Ugumu wa kazi unaanzia hapo, kwa sababu maneno hayo yakiwa mtaani huweza kupokezana nafasi bila madhara, lakini yakiwa chini ya nembo ya ofisi kila moja huifunga ofisi kwa jambo lake. Ofisi inapotoa kanusho inasema kwamba jambo lililosemwa halipo kabisa. Inapotoa ufafanuzi inakubali kwamba jambo lipo, ila limeelezwa vibaya au nusu. Anayechanganya hayo mawili asubuhi ataulizwa jioni na mwandishi wa habari mwenye ushahidi mkononi, na hatakuwa na pa kurudi.

Kwa hiyo mwongozo huu haupangi maneno kwa alfabeti. Unafuata suala moja tangu linapofika mezani kwa afisa hadi linapofungwa, na kila neno linaelezwa pale kazi inapolihitaji. Suala lenyewe ni la kawaida katika miji yetu: mamlaka ya maji inalazimika kufunga bomba kuu kwa saa 48 ili kubadilisha kipande kilichochakaa, na kata nne zitakosa maji. Mwenye kufanya kazi katika hospitali, chuo, benki au halmashauri ataweza kuingiza suala la kwake katika hatua hizi bila kubadilisha kitu kikubwa.

Hatua ya kwanza: Fahamu wewe ni nani na nani anasema

Vyeo katika fani hii hutofautiana. Katika ofisi nyingi za Tanzania utakuta afisa uhusiano, afisa habari au afisa mawasiliano, na serikalini kuna Kitengo cha Mawasiliano Serikalini katika kila wizara, pamoja na Idara ya Habari (MAELEZO) na Msemaji Mkuu wa Serikali. Nchini Kenya utasikia zaidi afisa wa uhusiano mwema, na wale ambao Dar es Salaam huitwa waandishi wa habari, Nairobi huitwa wanahabari. Tumia jina ambalo wasomaji wako wamelizoea.

Neno la kushika mapema ni *msemaji*. Msemaji ni yule ambaye taasisi imempa mamlaka ya kusema kwa niaba yake, na kauli yake huhesabiwa kuwa kauli ya taasisi. Mara nyingi huyo ni mkurugenzi mtendaji, na afisa uhusiano ndiye anayemwandalia maneno, anayempangia mahojiano na anayepokea simu za vyumba vya habari. Kabla bomba halijafungwa, uliza kwa maandishi mambo matatu: nani anaruhusiwa kunukuliwa, nani anamkaimu akisafiri, na nani anaidhinisha maandishi kabla hayajatoka. *Kuidhinisha* maana yake ni kuweka saini au kuandika "imekubaliwa". Kusomewa rasimu kwa simu na kuitikia "sawa" hakutoshi, na afisa aliyekubali utaratibu huo ndiye atakayebeba lawama peke yake siku mambo yakiharibika.

Hatua ya pili: Tenganisha umma, wadau na hadhira

*Umma* ni watu wote kwa ujumla, na ni neno pana mno kupangia kazi. *Wadau* ni wale ambao suala linawagusa au wao wanaweza kuligusa. Kwa bomba letu wadau ni wateja wa kata nne, hospitali iliyomo katika kata hizo, shule za bweni, wenye magenge ya chakula, wauza maji kwa mikokoteni, wenyeviti wa mitaa, diwani, mkandarasi, wizara yenye dhamana ya maji, na mafundi wa mamlaka yenyewe. Kundi hili la mwisho husahaulika karibu kila mara. Huitwa *wadau wa ndani*, na mawasiliano yao ni *mawasiliano ya ndani*. Fundi akiulizwa dukani maji yatarudi lini naye hajui, jibu lake la kukisia litasafiri mbali kuliko tangazo lolote la redio.

*Hadhira* ni sehemu ya wadau unayoilenga kwa ujumbe fulani kupitia njia fulani. Mganga mfawidhi anahitaji barua na simu siku kadhaa kabla, ili ajaze matangi. Mama lishe anahitaji gari la matangazo linalopita mtaani na neno la mwenyekiti wa mtaa. Ukiandika orodha ya wadau, mbele ya kila jina weka hadhira hiyo itapata habari kwa njia gani na kutoka kwa nani. Orodha isiyo na njia ni orodha tu.

Hatua ya tatu: Andika ujumbe mkuu kabla ya kitu kingine

*Ujumbe mkuu* ni sentensi moja au mbili ambazo ungependa mtu azikumbuke hata akisahau mengine yote: "Kata nne hazitakuwa na maji kuanzia Jumanne saa 2:00 asubuhi hadi Alhamisi saa 2:00 asubuhi, hifadhi maji kuanzia Jumapili." *Hoja za kuzungumzia* ni maelezo mafupi ambayo msemaji huyatumia kuutetea ujumbe huo: kwa nini sasa, gharama ni kiasi gani, kwa nini usiku mmoja hautoshi. *Kaulimbiu* ni kitu kingine. Ni msemo wa kampeni, kama ule wa Wiki ya Maji, wenye kudumu na kupendeza sikioni. Kaulimbiu haiwezi kufanya kazi ya ujumbe mkuu, na taarifa ya kukatika maji inayofunguliwa kwa kaulimbiu ya taasisi humuudhi msomaji ambaye ndoo zake ni tupu.

Hatua ya nne: Chagua aina ya andiko, kisha uliandike

Hapa ndipo afisa mpya hujikwaa zaidi, kwa hiyo inafaa kukaa kwa muda.

*Taarifa kwa umma* huandikwa kwa mwananchi moja kwa moja. Hubandikwa kwenye mbao za matangazo, husomwa na gari la matangazo, huwekwa katika kurasa za taasisi mtandaoni. *Taarifa kwa vyombo vya habari* huandikwa kwa mhariri, ambaye ataamua kama ni habari au siyo. *Tangazo la kulipia* ni nafasi iliyonunuliwa gazetini au dakika zilizonunuliwa redioni. Maneno yake hayaguswi na mhariri, lakini msomaji anajua kuwa umelipa. *Makala* ni andiko refu la maelezo, mara nyingi lenye jina la mwandishi wake. *Waraka* hubaki ndani ya ofisi. Afisa anayepeleka taarifa kwa umma kwenye chumba cha habari na kusubiri itoke kama ilivyo, kwa kweli alitaka tangazo la kulipia bila kulipa.

Tazama taarifa kwa umma ya suala letu inavyoweza kusomeka:

"TAARIFA KWA UMMA. KUSITISHWA KWA HUDUMA YA MAJI KWA SAA 48. Mamlaka inawataarifu wateja wa kata nne zilizoorodheshwa hapa chini kwamba huduma ya maji itasitishwa kuanzia Jumanne saa 2:00 asubuhi hadi Alhamisi saa 2:00 asubuhi, ili kubadilisha kipande cha bomba kuu kilichochakaa. Katika siku hizo maboza ya maji yatasimama kwenye ofisi za serikali za mitaa kuanzia saa 12:00 asubuhi. Wateja wanashauriwa kuhifadhi maji ya kutosha. Tunaomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza. Imetolewa na Kitengo cha Uhusiano kwa Umma." Chini yake hufuata tarehe na namba ya simu ambayo kweli inapokelewa.

Zingatia kwamba haimo ile ibara iliyozoeleka ya "kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu". Matengenezo haya yamepangwa na mamlaka yenyewe, na kuyaita kitu kilicho nje ya uwezo wake ni kusema lisilo kweli katika karatasi ya ofisi. Ibara hiyo iwekwe akiba kwa mafuriko.

Taarifa kwa vyombo vya habari ya suala lilelile huanza kwa namna nyingine. Juu kuna *kichwa cha habari*, kisha *aya ya kwanza* inayojibu nani, nini, lini, wapi, kwa nini na kwa namna gani: "Wakazi wa kata nne watakosa maji kwa saa 48 kuanzia Jumanne ijayo ili kupisha ubadilishaji wa bomba kuu ambalo limekuwa likipasuka mara kwa mara, Mkurugenzi Mtendaji wa mamlaka ya maji amesema." Hufuata *nukuu* ya msemaji, na nukuu hiyo iseme jambo ambalo mtu mwenye kinywa angelisema kweli. Nukuu ya "mamlaka imejipanga kikamilifu kuhakikisha huduma bora na endelevu" itafutwa na mhariri kwa mkupuo mmoja. Mwisho huja *maelezo kuhusu taasisi*, aya fupi isiyobadilika kutoka taarifa moja hadi nyingine, na jina la *mtu wa kuwasiliana naye*.

Taarifa kwa vyombo vya habari ina historia inayoonyesha maana yake. Tarehe 28 Oktoba 1906 treni ilitumbukia majini kutoka darajani huko Atlantic City, Marekani, na watu zaidi ya 50 wakafa. Ivy Lee, aliyekuwa akiishauri kampuni ya reli ya Pennsylvania, aliyaandikia magazeti taarifa ya yaliyotokea kabla uvumi haujatangulia, na gazeti la The New York Times likaichapisha neno kwa neno. Hiyo hutajwa mara nyingi kuwa taarifa ya kwanza ya aina yake. Ilikubalika kwa sababu iliwapa waandishi mambo waliyoyahitaji kuhusu ajali mbaya, katika saa waliyoyahitaji, kutoka kwa kampuni ambayo wengine wangetarajia inyamaze.

Hatua ya tano: Kutana na waandishi

*Mkutano na waandishi wa habari* huitishwa pale ambapo kuna maswali yanayohitaji kuulizwa ana kwa ana. Kama hutaki kuulizwa, peleka karatasi. *Ziara ya waandishi* ni kuwapeleka eneo la kazi, na kwa suala letu ziara ina nguvu zaidi, kwa kuwa kipande cha bomba kilicholiwa na kutu, kikiwa kimelazwa pembeni ya mtaro, kinajieleza mbele ya kamera. *Mahojiano* ni mazungumzo ya mwandishi mmoja na msemaji mmoja.

Kabla ya mahojiano, mkubaliane kama maneno ni ya kunukuliwa kwa jina, ya kutumiwa bila kutaja jina, au ni *maelezo yasiyo ya kunukuliwa*, yaani ya kumsaidia mwandishi kuelewa tu. Makubaliano haya hufanywa kabla ya kusema. Huwezi kuzungumza kwa dakika 20 kisha ukamwomba mwandishi asahau. *Zuio la kuchapisha*, ambalo wengi huliita embago, ni makubaliano kwamba taarifa inatolewa mapema lakini isitangazwe kabla ya saa iliyotajwa. Litumie kwa nadra, kwa mfano ripoti ndefu inayohitaji kusomwa. Kukatika kwa maji hakuna haja ya embago.

Kuna ibara moja ya magazetini ambayo afisa uhusiano anapaswa kuiogopa: "Juhudi za kumpata Mkurugenzi ziligonga mwamba, kwani simu yake iliita bila kupokelewa." Msomaji huitafsiri kuwa ofisi ina jambo inalolificha. Hata usipokuwa na jibu, pokea simu, chukua swali kwa maandishi, muulize mwandishi habari yake inafungwa saa ngapi, kisha mpigie kabla ya saa hiyo.

Tofautisha pia *swali la mwandishi* na *ombi la taarifa*. Mkazi anayeandika barua akitaka kujua mkandarasi amelipwa kiasi gani anaweza kuwa anatumia haki yake ya kisheria. Tanzania ina Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayotaka ombi lijibiwe ndani ya siku 30. Kenya, ambayo Katiba yake ya mwaka 2010 inaitaja haki hiyo katika ibara ya 35, ina sheria yake ya mwaka huohuo wa 2016 yenye muda wa siku 21. Barua ya namna hiyo hupigwa muhuri wa kupokelewa siku ileile na kufunguliwa jalada.

Neno *bahasha* nalo limo katika msamiati huu, na ni heri lielezwe waziwazi. Kumrudishia mwandishi nauli ya ziara ya mbali, kwa kiwango kinachojulikana na kwa stakabadhi, ni jambo ambalo ofisi inaweza kulieleza kwa mkaguzi. Fedha inayokabidhiwa pembeni baada ya mkutano ili habari itoke vizuri ni rushwa, na huharibu pande zote mbili: mwandishi hupoteza uhuru wa kuuliza, na wewe hujui tena kama habari yako ilitoka kwa uzito wake au kwa uzito wa bahasha.

Ukipiga picha za watu wakichota maji kwenye boza, hasa watoto, tafuta *ridhaa*, yaani kibali cha mhusika au mzazi wake, kwa maandishi inapowezekana. Tanzania imekuwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022 na Kenya ina yake tangu 2019, na sura ya mtu ni taarifa binafsi.

Hatua ya sita: Mambo yanapoharibika

Tuseme Alhamisi asubuhi maji yanarudi yakiwa na rangi ya kahawia, na kufikia saa 4:00 ujumbe wa sauti unazunguka katika makundi ya WhatsApp ukidai kwamba maji yametiwa sumu. Sasa afisa anahitaji maneno manne kwa mpigo, na mpangilio wake ni muhimu.

La kwanza ni *taarifa ya awali*. Hutolewa kabla ukweli wote haujajulikana, nayo husema mambo matatu tu: tumepata habari, tunafanya hiki, tutarudi saa fulani. "Tumepokea malalamiko ya wateja kuhusu rangi ya maji katika kata nne. Sampuli zimechukuliwa na ziko maabara. Tunaomba maji hayo yasinywewe wala kupikiwa hadi tutakapotoa majibu saa 10:00 jioni." Saa 10:00 ikifika na majibu bado, toa taarifa nyingine inayosema kuwa bado.

La pili ni *kanusho*, na halitoki kabla ya majibu ya maabara. Afisa asiyesubiri huandika "mamlaka inakanusha vikali taarifa hizo za uzushi", huku mteja akiitazama ndoo ya maji ya kahawia mbele yake. Macho ya mteja yatashinda karatasi. Majibu yakionyesha kuwa hakuna sumu, kanusha hilo na hilo pekee, kwa sentensi fupi yenye jina la maabara na tarehe ya vipimo. Usiurudie ujumbe wa uongo kwa urefu wake wote, kwa sababu kuna watakaousikia kwa mara ya kwanza kutoka kwako.

La tatu ni *ufafanuzi*: rangi hiyo ni kweli ipo, imetokana na kutu na matope yaliyotikiswa bomba lilipojazwa upya, mafundi wanafungua mabomba ya kusafishia njia, na mteja aache maji yatiririke hadi yawe meupe. La nne ni *kuomba radhi*, ambako humtaja aliyekosa na alichokosa: "Tulipaswa kusafisha njia kabla ya kufungulia maji. Hatukufanya hivyo katika kata mbili, na tunaomba radhi." Ile ya "tunaomba radhi kwa yeyote aliyekwazika" haimwombi mtu yeyote radhi. Kama gazeti limekosea jina la kata au tarehe, unachoomba kwa mhariri ni *masahihisho*, kwa barua ya heshima inayoonyesha mstari wenye kosa. Huna sababu ya kulikanusha gazeti zima.

Uzito wa taarifa ya awali ulionekana Chicago mwaka 1982, pale watu saba walipokufa kwa kumeza vidonge vya kutuliza maumivu vya Tylenol vilivyotiwa sianidi na mtu asiyejulikana. Johnson & Johnson, kampuni iliyovitengeneza, iliwaonya watumiaji waache vidonge hivyo na ikaondoa madukani chupa zipatazo milioni 31 ingawa sumu haikuwekwa kiwandani, kisha ikarudi sokoni na vifungashio vinavyoonyesha wazi kama vimefunguliwa. Haikusubiri ajulikane mkosaji ndipo iseme na watu.

Tofautisha pia *uvumi*, ambao ni habari isiyothibitishwa na huenda ikawa kweli, na *uzushi*, ambao ni uongo uliotungwa. Ukiuita uvumi uzushi, kisha ukathibitika, kanusho lako linalofuata halitasadikiwa.

Hatua ya saba: Hafla ya kukabidhi mradi

Bomba likikamilika huenda pakawa na hafla, nayo ina maneno yake. *Mgeni rasmi* ni mmoja. *Risala* husomwa na wenyeji au wafanyakazi kwa mgeni rasmi, ikieleza hali na maombi yao. *Hotuba* ni ya mgeni rasmi mwenyewe. *Neno la shukrani* hufunga. *Itifaki* ni utaratibu wa nani anaketi wapi meza kuu na nani anatambulishwa kabla ya nani. *Mshereheshaji* hukabidhiwa *ratiba* yenye dakika, na afisa uhusiano hubaki na nakala. Mpe mgeni rasmi takwimu za mradi siku mbili kabla, zikiwa zimehakikiwa na mhandisi, maana tarakimu atakayoitamka jukwaani ndiyo itakayokuwa kichwa cha habari.

Hatua ya nane: Pima, kisha funga jalada

*Ufuatiliaji wa habari* ni kukusanya yaliyoandikwa na kutangazwa. *Mrejesho* ni yale wadau wanayokurudishia: simu, malalamiko, maoni mtandaoni. *Tathmini* ni kulinganisha hayo na lengo uliloliandika mwanzo. Ofisi nyingi bado hupima kwa kuhesabu ukubwa wa habari gazetini na kuzidisha kwa bei ya tangazo. Wapimaji wa mawasiliano waliokutana Barcelona mwaka 2010 walikubaliana kwamba hesabu hiyo haionyeshi thamani ya kazi, nami naunga mkono. Kwa suala letu uliza maswali yanayojibika: wateja wangapi walipiga simu Jumanne kuuliza kwa nini hakuna maji, hospitali ilijaza matangi yake kabla ya saa 2:00, ni kata ipi ililalamika zaidi, na gari la matangazo lilipita huko siku gani. Weka majibu katika jalada pamoja na rasimu zenye saini, taarifa zote kwa mfuatano wa saa zilipotolewa, na majina ya waandishi walioomba maelezo na wakati walipojibiwa.